Tusizifute Tarehe za Wazee

Katika nyumba nyingi za pwani pana kitabu cha zamani ambacho wazee waliandika ndani yake siku za kuzaliwa na za kufa za watu wao. Tarehe hizo ni za Hijra. Siku hizi baadhi yetu vijana huzikata kwa wino na kuandika juu yake mwaka wa Miladi. Mimi naona jambo hili halifai hata kidogo.

Kwanza, wengi hukosea hesabu. Hudhani yatosha kuongeza 622. Lakini mwaka wa Hijra hufuata mwezi mwandamo, una siku 354 au 355, na miaka yake 33 ni kama 32 ya jua. Chukua mfano wa Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki tarehe 19 Mfungo Tano, 1273. Ukiongeza 622 utapata 1895, yaani miaka 39 baada ya kufa kwake! Njia iliyo bora ni hii: gawanya 1273 kwa 33, upate karibu 39, toa 39 katika 1273, ibaki 1234, kisha ongeza 622, upate 1856. Na kweli alifariki tarehe 19 Oktoba, 1856. Hata hivyo njia hii yaweza kukosea kwa mwaka mmoja, basi mwezi na siku sharti zitazamwe katika jedwali.

Pili, kwa wazee wetu usiku hutangulia mchana. Mtoto aliyezaliwa Alhamisi saa mbili za usiku, kitabuni ataandikwa Ijumaa, na katika cheti cha serikali Alhamisi. Hapana aliyesema uwongo. Tena mwezi ulitazamwa kwa macho, kwa hiyo jedwali laweza kupishana na kitabu kwa siku moja. Hapo jina la siku, kama limeandikwa, ndilo litakaloamua.

Wako watakaosema kwamba fomu za shule na pasipoti hutaka tarehe za Miladi tu. Ni kweli, lakini hiyo si sababu ya kufuta. Ukikosea hesabu na maandishi ya asili yapo, mwenzako atakusahihisha. Ukiyafuta, kosa lako litarithiwa na wajukuu. Bibi asemaye ana miaka 66 ataambiwa hajui umri wake kwa kuwa cheti chasema 64, kumbe wote wawili wamesema kweli. Na katika mirathi, nani alitangulia kufa ni jambo kubwa. Siku moja yaweza kumpa mtu fungu au kumnyima.

Basi wenzangu, likizo ijayo nakilini tarehe hizo katika madaftari yenu kama zilivyo, siku, mwezi na mwaka, na hesabu zenu ziandikeni chini yake kwa penseli. Penseli hufutika, kitabu cha wazee kiacheni kama kilivyo.