Muflisi Ni Mmoja, Nyumba Ni ya Wawili

Neno muflisi halikuwa likitamkwa ovyo hapa Tiwi. Wakubwa wetu walilihifadhi kwa mwenye duka aliyefunga milango usiku, akavuka feri ya Likoni na asionekane tena. Siku hizi neno hilo limeingia katika mazungumzo ya watu wenye heshima zao, tena si kwa kebehi bali kama shauri: deni likikushinda, nenda mahakamani ukatangazwe muflisi, uanze maisha upya. Nimelisikia shauri hili Ukunda, nimelisikia katika matwana, na majuzi nimelisikia likitolewa katika majilisi ya walimu kwa sauti ya mtu anayependekeza dawa ya mafua. Sina ugomvi na sheria inayotoa nafasi hiyo. Ugomvi wangu ni na namna shauri hilo linavyopewa mtu mwenye mke, au mwenye mume, kana kwamba anayeshauriwa analala peke yake.

Sababu za madeni yetu zajulikana. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianguka mwaka 1988. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yaliwafukuza watalii, na hoteli za Diani na Tiwi zikabaki na viti vitupu. Maradhi ya korona mwaka 2020 yakafanya yayo hayo, na mwishoni mwa 2024 machimbo ya titani ya Kwale yakafungwa baada ya madini kwisha. Kila mara mshahara ulipokatika mikopo ilibaki pale pale, kwa kuwa mkopo hauna msimu wa watalii. Sishangai basi watu wanapotafuta mlango wa kutokea. Nataka tu wajue mlango huo unafunguka kuelekea wapi.

Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa ile tuliyorithi kutoka enzi ya ukoloni, inamruhusu mdaiwa mwenyewe kwenda Mahakama Kuu na kuomba atangazwe muflisi kwa kuwa hawezi kulipa madeni yake. Ombi likikubaliwa, mali yake huwa chini ya msimamizi ambaye kazi yake ni kuikusanya, kuiuza na kuwagawia wadai. Jina lake hutangazwa hadharani. Hawezi kuwa mbunge wala mwakilishi wa wadi muda wote ambao hajaondolewa hali hiyo. Hayo yamo katika Katiba, vifungu vya 99 na 193. Kwa kawaida huachiliwa miaka 3 baada ya kuwasilisha maelezo kamili ya mali na madeni yake, na sehemu kubwa ya madeni ya zamani humwondokea.

Humwondokea yeye. Hapa ndipo ninapoomba msomaji asimame kidogo.

Lugha yetu ina vitenzi vitatu vya jambo hili: kufilisi, kufilisiwa na kufilisika. Hicho cha tatu ndicho tukipendacho, maana hakina mtenda. Tunasema nyumba ya fulani imefilisika, kama tunavyosema chungu kimevunjika, na hapo tunawatia wote ndani: mume, mke, watoto na hata mbuzi. Sheria haisemi hivyo. Muflisi wa sheria ni mtu mmoja mwenye jina moja na nambari moja ya kitambulisho. Ndoa haimfanyi mwenzake kuwa muflisi, na hiyo ni habari njema. Habari isiyokuwa njema ni kwamba ndoa haimwachilii mwenzake pia. Deni lililobebwa na mabega mawili, bega moja likitoka, huelemea lile lililobaki.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa lugha, majirani huniletea barua za Kiingereza niwasomee. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinijia na bahasha ya namna hiyo. Mumewe alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, lilikuwa limekwama, na alikuwa amekwisha kata shauri la kwenda mahakamani kutangazwa muflisi. Mke hakuwa na wasiwasi mkubwa. “Mimi nilitia sahihi tu, mwalimu,” akaniambia, “sikukopa.” Nilipozifungua karatasi nikaona kwamba siku ile ile, mbele ya meza ile ile ya benki, alikuwa ametia sahihi mara mbili, katika hati mbili zisizofanana hata kidogo.

Hati ya kwanza ilikuwa ya idhini. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 zinataka nyumba wanamoishi mume na mke isiwekwe rehani bila ya wote wawili kukubali kwa maandishi. Anayetoa idhini husema hivi: najua kwamba nyumba hii inawekwa rehani, nami sipingi. Kwa kusema hivyo hawi mdaiwa. Anachohatarisha ni nyumba, nalo si jambo dogo, lakini mshahara wake haumo.

Hati ya pili ilikuwa ya dhamana. Anayetoa dhamana husema jambo jingine kabisa: huyu asipolipa, nitalipa mimi. Mume akitangazwa muflisi, hata akija kuachiliwa baada ya miaka 3, dhamana ya mke haifi pamoja na deni la mume. Benki humgeukia yeye kwa baki yote. Isitoshe, walimu wengi wamo katika vyama vya akiba na mikopo, na humo mume na mke hudhaminiana kwa wepesi wa kupeana chumvi. Mmoja akishindwa, chama hushika akiba ya mdhamini na makato huhamia kwenye mshahara wake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inazuia makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Ni kinga, lakini mwenye kuishi kwa theluthi moja akiwa na watoto wawili katika shule ya upili anaijua kinga hiyo ilivyo nyembamba.

Kwa nini mama yule hakutofautisha hati hizo? Si kwa ujinga, maana ni mtu aliyesoma. Ninalaumu, pamoja na Kiingereza cha hati zenyewe, neno letu mdhamini, ambalo tumelitwika mizigo mingi mno. Anayemlipia yatima karo ni mdhamini. Wanaotunza mali ya msikiti ni wadhamini. Anayemtoa mtu korokoroni ni mdhamini, na anayeahidi kulipa deni la mwenzake ni mdhamini vile vile. Maana tatu za mwanzo ni za heshima, na heshima hiyo huifunika ya nne. Mtu huambiwa “wewe utakuwa mdhamini wake” akahisi ametukuzwa.

Nyumba nayo ina mambo yake. Wengi hudhani kutangazwa muflisi huizuia benki isiiuze. Mdai aliyeshika rehani halali hasimami foleni pamoja na wadai wengine. Nyundo ya dalali yaweza kulia hata baada ya mume kutangazwa muflisi. Kama nyumba haimo katika rehani yoyote, msimamizi hutafuta sehemu ya muflisi peke yake. Lakini sehemu hiyo ni ipi? Hatimiliki nyingi zina jina moja, la mume, ilhali matofali yalinunuliwa na wawili. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Ogentoto, ilisema wazi kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Hutazamwa mchango wa kila mmoja, na malezi ya watoto na kazi za nyumbani zimo katika mchango unaotambuliwa na sheria. Kwa hiyo, mke aliyenunua mabati kwa mshahara wake na akatupa stakabadhi amejinyima ushahidi ambao siku moja utahitajika, si dhidi ya mumewe, bali dhidi ya wadai wa mumewe.

Wapo wanaojiona werevu, ambao wakiona mawingu yametanda huandikisha shamba kwa jina la mke kabla ya kwenda mahakamani. Hilo wasilijaribu. Sheria inaruhusu zawadi za namna hiyo zichunguzwe na kubatilishwa, na kuficha mali ni kosa la jinai. Mke aliyepokea shamba kwa nia njema ataitwa kueleza lilivyomfikia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote, nalo halimo katika kifungu chochote. Zamani deni lilikuwa na uso. Mwenye duka alijulikana, na mke aliona daftari. Tangu M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, na Fuliza mwaka 2019, na nyingine zisizohesabika baada yake, mtu aweza kukopa kitandani huku mwenzake amelala ubavuni mwake. Nimewaona wanandoa wa miaka 20 ambao kila mmoja anajua idadi ya minazi ya mwenzake lakini hajui deni lililo katika simu yake. Anayeomba kutangazwa muflisi atatakiwa kuorodhesha kila deni na kila mali. Ni aibu ya aina gani, mke kuisikia orodha ile kwa mara ya kwanza kutoka kwa wakili! Orodha hiyo yafaa iandikwe kwanza nyumbani, na wawili, kila mmoja akiwa na simu yake mezani, na mbele ya kila deni iandikwe nani alikopa, nani alidhamini, na nini kiliwekwa rehani. Sheria ya Mali ya Ndoa inasema kwamba deni lililochukuliwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa hubebwa na wote kwa usawa. Watahesabianaje wasipojua fedha zilikwenda wapi?

Orodha ikikamilika, huenda ikaonekana kwamba mlango wa muflisi haukuhitajika. Sheria ile ile ya 2015 ina njia nyepesi zaidi. Mdaiwa aweza kupeleka pendekezo kwa wadai wake chini ya msimamizi, wakakubaliana kiasi na muda. Aweza kuomba amri ya kulipa kidogo kidogo. Na yule asiye na mali yoyote ya kuuzwa, ambaye madeni yake si chini ya shilingi 100,000 wala hayazidi shilingi milioni 4, na ambaye hajawahi kuwa muflisi, ana utaratibu wake maalumu, ambao humfungua baada ya miezi 12. Huu hauombwi mahakamani bali katika afisi ya serikali inayosimamia ufilisi, chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara. Hata hivyo mdhamini hasalimiki kwa njia hii pia, na wanandoa waliodhaminiana yafaa wapeleke shauri lao pamoja, si mmoja kutangulia na mwenzake kuachwa mlangoni.

Wengi wetu hapa ni Waislamu, na najua kuna atakayesema kwamba mambo haya ni ya kadhi. Siyo yote. Kifungu cha 170 cha Katiba kinampa kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, ufilisi haumo. Lakini Sheria ya Mali ya Ndoa inamruhusu Mwislamu kuongozwa na sharia katika mali ya ndoa, na sharia ilitenganisha mali ya mke na ya mume kabla ya mabunge mengi kuwazia jambo hilo. Mali ya mke ni yake. Mahari ambayo hayajalipwa ni deni juu ya mume. Nashangaa kuona jamii inayojua hayo kwa moyo ikiwapeleka wake zake benki kutia sahihi pasipo kuuliza.

Katiba, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Sioni kwa nini idhini ya mume au mke isiandikwe kwa Kiswahili, katika karatasi yake peke yake, isiyotiwa sahihi siku moja na karatasi ya dhamana. Wala walimu wenzangu hawana haja ya kungoja benki. Somo la ufahamu katika kidato cha tatu laweza kabisa kuwa juu ya hati mbili, moja ya idhini na moja ya dhamana, majina yakiwa yamefutwa, na wanafunzi waulizwe: katika kila hati, nani atalipa? Mwalimu yule alizikubali hati zake zitumiwe hivyo. Yeye na mumewe bado hawajakwenda mahakamani. Wamekwenda kwanza kwa wakili, pamoja, wakiwa na orodha ya kurasa tatu.