Huu Siyo Mkorogo, Dada, Hii ni ya Kikorea

Ndalambo tuliijua Korea kwanza kwa tamthilia. Zilikuja kwenye flashi, zimetafsiriwa na sauti moja ya kiume inayoigiza mfalme, mama mkwe na mtoto mchanga, tukazitazama kwenye kibanda cha video hadi umeme unakatika. Baadaye Korea ikaja kwenye kopo.

Kopo lenyewe nililikuta mezani kwa dada yangu, miezi miwili kabla ya sendofu yake. Alilinunua Tunduma, kwenye saluni moja upande wa mpakani, kule ambako malori yanalala foleni yakisubiri kuvuka kwenda Nakonde. Alilipa shilingi 35,000, na juu yake akapewa bure jibu la kuwapa watu wenye maneno mengi: "Huu siyo mkorogo, dada, hii ni ya Kikorea."

Mtu mwenye maneno mengi nilikuwa mimi. Mwaka wa pili chuoni, bando halikatiki, na herufi za Kikorea nilishajifunza kwenye simu kwa sababu ya tamthilia zilezile. Nililishika kopo, nikaona zile herufi, nikamwambia, "Hili safi." Sikuzisoma. Nilikuja kuzisoma uso wa dada ulipokwisha kuharibika: silabi zilizopangwa tu, hazitoi neno lolote. Aliyechapa ile lebo alijua mteja wake hatasoma, atatazama tu. Alinijua mimi vizuri kuliko nilivyomjua yeye.

Wiki ya tatu dada aling'aa, mashangazi wakasifu. Wiki ya sita mashavu yakawa mekundu, vimishipa vikaonekana kama nyuzi, akitoka juani machozi yanamtoka. Alipoacha kupaka ndiyo ikawa balaa, uso ukavimba na kuota vipele hadi akaomba sendofu isogezwe mbele. Daktari aliyemwona Mbeya alimuuliza maswali matatu, akasema anahisi ni steroidi. Dawa hiyo ina kazi yake halali hospitalini: inatuliza ngozi yenye ugonjwa, na njiani inabana mishipa na kuifanya ngozi ipauke. Ukiipaka usoni kila siku inaipunguza unene, na ngozi ikishaizoea, kuiacha ni adhabu.

Wenzake steroidi kwenye biashara hii mnawajua. Haidrokwinoni inazuia ngozi kutengeneza rangi, na mtu akiitumia kwa miaka mingi inaweza kumrudishia weusi wa ajabu, wa bluu, usiotoka. Madaktari wa Afrika Kusini waliuandika ugonjwa huo mwaka 1975, na mwaka 1990 nchi ile ikaitoa dawa hiyo kwenye vipodozi. Zebaki inaua figo. Zote tatu zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwetu, na tangu 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko kwa TBS. Katazo lipo. Mpaka nao upo, na una vichochoro.

Lakini sikukaa kuandika haya ili niwalaumu wamama wa mkorogo. Wamelaumiwa vya kutosha. Kila mtu ana utani wake wa uso Fanta na vidole Coca-Cola, na wanaoucheka zaidi ni sisi tuliosoma. Tukimaliza kucheka tunafungua simu kutafuta "ngozi ya kioo". Tunatundikiwa dripu za glutathaioni kwenye vyumba vyenye taa nyeupe na dada aliyevaa koti la daktari, tunapiga picha mkono wenye sindano, tunaandika: kujipenda. Mamlaka ya dawa ya Ufilipino ilitoa onyo mwaka 2019 kuhusu sindano hizo za kung'arisha, ikataja madhara kwa ini na figo. Mama wa sokoni anayekoroga krimu tatu kwenye bakuli la plastiki angalau anaita kitu kwa jina lake. Anasema, nataka kuwa mweupe. Sisi tumeajiri msamiati.

Na Korea yenyewe haitufichi. Sheria yao ya vipodozi iliyoanza kazi mwaka 2000 ina kundi maalumu la bidhaa za kung'arisha ngozi, pamoja na za makunyanzi na za kukinga jua. Wamekubali hadharani kwamba wanauza weupe, ila wameuwekea kipimo: niasinamaidi kati ya asilimia 2 na 5, basi. Kliniki za Seoul siku hizi zinazungumza zaidi habari ya kuimarisha ngozi kuliko kuichubua. Wanadunga chembechembe zinazotokana na mbegu za samaki samoni, wanapitisha leza nyepesi, wanapaka ute wa konokono. Mengine ni sayansi, mengine ni biashara tu, na samaki huyo simtetei. Ila chini ya mbwembwe zote kuna mazoea mawili ya bei ndogo: kutoisugua ngozi hadi iumie, na kupaka kinga ya jua kila asubuhi. Hayo mawili hayakufika Tunduma. Kilichovuka ni jina.

Tukiandika juu ya haya kwenye majarida kama hili huwa tunasema: ukoloni. Nimesema hivyo mwenyewe kwenye insha ya chuo na nikapata alama nzuri. Sikatai. Lakini nilipomuuliza dada kwa nini, hakumtaja mzungu. Alisema, "Sikutaka kwenye picha nionekane nimetoka kupalilia." Ndalambo watu wanalima mahindi, maharage na alizeti, na jua linaandika uso wa anayelima. Shingo ina rangi moja, kifua kingine. Mwalimu, nesi, mke wa mwenye duka, hao wanakaa kivulini, na rangi ya kivuli ndiyo inayotafutwa. Hata Korea ya zamani ilikuwa hivyo, mkulima alikuwa na uso wa jua na bwana mkubwa alikuwa na uso wa ndani ya nyumba. Kwa hiyo dada hakuwa anawakimbia weusi peke yake, alikuwa analikimbia jembe. Na aliyemfundisha kulionea haya jembe hakutoka Ulaya. Alikuwa mwalimu wetu wa darasa la tano, mtu wa palepale, aliyetutisha kila siku kwamba ukifeli utarudi kulima kama mama yako. Mama yangu alilima ekari tatu ili mimi nifike chuo, na nilipofika, kwenye picha zangu zote nilimfanya mweupe kwa programu ya simu. Hakuniambia. Niligundua mwenyewe siku alipoishika simu, akatazama, akauliza, "Huyu ni nani?"

Kuna kiwanda kidogo Moshi, pale KCMC, kinachotengeneza kinga ya jua inayoitwa Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao jua letu linawapa saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Inatengenezwa na Watanzania, kwa jua la Tanzania, na wenye uhitaji wanapewa bure. Sijawahi kuona mtu maarufu akiifungua kwenye video huku akisema ngozi yake imebadilika. Haimbadilishi mtu rangi, hilo ndilo kosa lake. Ukimtajia mtu kinga ya jua huku kwetu anakujibu kwamba ni ya wazungu na maalbino, sisi tumeumbwa na yetu. Kisha jioni anaichubua hiyo aliyoumbwa nayo.

Sendofu ilifanyika, mwaka mmoja baadaye. Uso wa dada umetulia, ila shavu la kushoto limebaki na baka, na daktari alimwambia kwamba kwa maisha yake yote asikae juani bila kinga. Yeye na mumewe wanalima. Msimu huu wa palizi alinipigia simu akaniomba nimtafutie hayo mafuta, "ya kweli, na safari hii usome." Nilizunguka Tunduma tangu asubuhi. Seramu za konokono nilizikuta duka la kwanza, la pili na la nne. Kinga ya jua niliipata duka la saba, nyuma ya kabati, mililita 50 kwa shilingi 38,000. Nilisimama mlangoni nikaisoma lebo yote, tarehe ya mwisho, nchi, viambato kimoja kimoja, mwenye duka ananitazama. Kwa bei ya mahindi ya wiki ile ilikuwa zaidi ya debe mbili, na kwa mtu wa shamba kichupa kile hakimalizi mwezi.