Tumshangilie na mpiga hesabu

Julai 4, 2012, siku ilipotangazwa kwamba chembe iitwayo bosoni ya Higgs imepatikana, picha ya mzee Peter Higgs, mwanafizikia aliyeitabiri, akijifuta machozi katika ukumbi wa maabara ya CERN, karibu na Geneva, ilizunguka dunia nzima. Magazeti yakajaa sifa za mashine: handaki la kilomita 27 chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, protoni zikigonganishwa kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Sikatai, mashine ile ni ya ajabu. Lakini mimi ni mwalimu wa fizikia, na swali langu ni hili: walijuaje watarajie bosoni ngapi za Higgs?

Kuna watu ambao kazi yao ni hiyo tu, na kamera haziwafuati. Higgs nyingi huzaliwa pale gluoni mbili, chembe zilizomo ndani ya protoni, moja kutoka kila protoni, zinapokutana. Nadharia haitoi jibu kwa mkupuo. Hesabu hupandishwa ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ni ngumu mara nyingi kuliko iliyotangulia. Kwa migongano yenye nishati ya TeV 13, ngazi ya kwanza inatoa pikobani 16. Pikobani hupima uwezekano wa tukio: zikiwa nyingi, matukio ni mengi. Ngazi ya pili inaongeza karibu 21 nyingine! Ya tatu, zaidi ya 9. Mwaka 2015 Babis Anastasiou wa ETH Zurich na wenzake wakaikamilisha ya nne, ikaongeza 1.5 hivi. Baada ya marekebisho mengine, jumla waliyoichapisha 2016 ilikuwa pikobani 48.6, na kando yake wameandika kiasi cha mashaka: asilimia chache.

Aliyeishia ngazi ya kwanza angeona maabara inapata Higgs mara tatu ya alizotarajia. Angeita waandishi wa habari atangaze fizikia mpya, kumbe hesabu hajaimaliza.

Hayo mashaka ya kando ndiyo yanayonigombanisha na wanafunzi wangu wa kidato cha sita. Mmoja alipima mvutano wa dunia kwa pendulamu, akapata 9.6. Akafuta kwa raba mpaka karatasi ikachubuka, akaandika 9.81 kwa kuwa kitabu kimesema hivyo. Nilimwambia 9.6 yake, akiiandikia mashaka ya 0.3, ilikuwa jibu safi. Ile 9.81 nikaikata kwa kalamu nyekundu.

Sasa, hesabu za Zurich hazimalizwi kwa kalamu. Mlinganyo mmoja unaweza kufika mamilioni ya vipande. Kwa miongo kadhaa wataalamu wengi wa fani hii wameegemea FORM, programu ya aljebra aliyoianzisha Jos Vermaseren wa Nikhef, Amsterdam, miaka ya 1980. Uzuri wake ni kwamba mlinganyo ukizidi kumbukumbu ya kompyuta, programu inauhamishia kwenye diski na kazi inaendelea. Vermaseren ameshavuka miaka 70, na kupata vijana wa kumpokea kijiti imekuwa shida. Uwezo vijana wanao. Ila anayekaa miaka akitengeneza programu hana makala za kuonyesha anapoomba kazi. Anazo mwenzake aliyeitumia. Huo mimi nauita uonevu.

Kwetu Afrika Mashariki mlango wa kuingia kazi hii upo. Kigali kuna taasisi ya fizikia iliyoanzishwa 2018 kwa ushirikiano na ICTP ya Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia alichokiasisi mwanafizikia Abdus Salam wa Pakistan mwaka 1964 akizifikiria nchi kama zetu. Ukokotoaji hauhitaji handaki. Unahitaji kompyuta nzuri, umeme usiokatika (hapo tusidanganyane) na mtu aliyeachwa atulie na kazi yake. Basi kamati za vyuo vikuu vyetu zinapokaa kupandisha watu vyeo, mhadhiri aliyeandika programu inayotumiwa na wenzake Kigali, Nairobi au Amsterdam ahesabiwe kazi hiyo sawasawa na makala, na anayeitunza baada yake ahesabiwe vilevile.