Kwaya Si Chai, Msituchuje

Wiki jana mwenyekiti wa kwaya yetu aliandika kwenye grupu ya WhatsApp saa nne usiku, ule wakati ambao habari mbaya hupenda kutumwa. Pendekezo la kamati: mazoezi ya kila Jumatano yafutwe. Kila mtu atatumiwa sauti yake kwa simu, ajifunzie kwake nyumbani, halafu tukutane mara moja kwa mwezi kurekodi video. Kabla ya hapo kutakuwa na mchujo. Wasiofaulu watabaki kuwa "marafiki wa kwaya".

Marafiki! Yaani mtu ameimba na nyinyi miaka kumi, leo mnamfanya rafiki.

Nimeimba sauti ya tatu katika kwaya hii ya mtaani, hapa Eastlands, kwa miaka sita. Jumatano hii tunapiga kura. Yangu ni hapana.

Tusidanganyane, mazoezi yetu ni vurugu. Saa kumi na mbili unusu ya ratiba huwa ni saa moja na robo, kwa sababu nusu yetu tumekwama Jogoo Road, na mvua ikinyesha nauli inapanda maradufu. Soprano wanapiga stori. Besi wanakula karanga. Karatasi za noti zimenakiliwa mara nyingi hadi huwezi kutofautisha l na t. Mwalimu anagonga meza kwa kalamu, hakuna anayemsikia. Kwa hivyo nikiambiwa kwamba kamati imechoka, naelewa. Hata mimi nimechoka. Lakini dawa ya kuchelewa ni kuanza kwa wakati. Ukifuta mkutano umemaliza ugonjwa na mgonjwa pamoja.

Kuna kitu ambacho sauti ya kutumiwa kwa simu haiwezi kukufundisha. Wimbo ukiwa na noti ndefu sana, hakuna mtu anayeishika peke yake hadi mwisho kwa nguvu ileile. Tunagawana. Jirani yangu akiwa anaimba, mimi napumua, kisha narudi polepole, naye anapumua. Anayesikiliza hasikii pengo lolote. Ujuzi huo haujaandikwa kwenye karatasi. Unaupata kwa kusimama bega kwa bega na mtu, wiki baada ya wiki, mpaka ujue anaishiwa pumzi wapi.

Na ukishajua hilo, unajua mengine pia. Mwaka niliofutwa kazi sikumwambia mtu. Baada ya mazoezi huwa tunatembea pamoja hadi steji, kila mmoja anapanda mathree yake. Mimi nikaanza kusingizia kwamba napitia dukani, nikazunguka nyuma na kutembea hadi Kayole. Wiki ya tatu, mzee mmoja wa besi, fundi wa viatu, akanifuata. Hakuniuliza lolote. Tulipofika kwenye taa akanitazama miguuni, akasema, "Kijana, mtu anayepanda matatu hamalizi soli hivyo."

Alinibadilishia soli bila malipo. Kufikia Ijumaa nilikuwa na namba za watu watatu waliokuwa wakitafuta karani. Wa pili aliniajiri.

Sasa, huyo mzee ndiye atakayechujwa kwanza. Sauti yake hupotea, kila mtu anajua, hata yeye mwenyewe anajua na hucheka. Mkimsimamisha mbele ya kamera peke yake, atafeli kabla ya ubeti wa kwanza kuisha. Mkimsimamisha katikati ya besi wanne wazuri, anashika.

Watetezi wa mchujo wanasema muziki una viwango. Sawa. Lakini hizo do-re-mi tunazosoma zilitoka wapi? Mwalimu mmoja wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, alibuni njia ya kuandika nyimbo kwa herufi. Mhubiri John Curwen akaiboresha na kuieneza kuanzia miaka ya 1840, ili watu wa kawaida wasio na piano waweze kusoma muziki na kuimba pamoja. Wamisheni wakaileta huku. Chombo chenyewe kilitengenezewa watu kama fundi wetu. Hata wimbo wetu wa taifa wa 1963 ulichukua sauti yake kutoka kwa wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza watoto. Hakuna aliyemchuja mama aliyekuwa akiuimba.

Halafu kuna hesabu. Sare mpya ya video ni shilingi 3,500 kwa kila mtu, kabla hujalipa mpiga picha na studio. Wapo kati yetu ambao hiyo ni nusu ya kodi ya nyumba. Hao nao watajichuja wenyewe kimyakimya, na tutasema eti wamepoteza bidii. Sauti zikipungua tutakodi mamluki, wale waimbaji wanaozunguka kwaya hadi kwaya msimu wa mashindano. Sina kinyongo nao, wanatafuta riziki. Lakini siku ukifiwa, mamluki hatakuja kukesha kwenye matanga yako akiimba mpaka alfajiri. Na akija, ataulizia nauli.

Sitaki kukosoa tu. Pendekezo langu ni hili: tuanze saa kumi na mbili unusu kwa kweli, hata tukiwa watu wanane. Tumalize saa mbili, ili akina dada wafike nyumbani salama. Sauti za simu zitumwe, ndiyo, ziwe za kujikumbusha. Wanaotaka mashindano waunde kikosi ndani ya kwaya, wachujane wapendavyo, wafanye mazoezi yao Jumamosi. Nitawapigia makofi. Lakini Jumatano ibaki ya kila mtu, pamoja na anayepotea sauti na asiye na sare.

Wewe unayesoma huenda huimbi. Labda una timu ya mpira ya Jumapili au chama cha watu kumi na wawili. Siku moja atatokea mtu mwerevu na kusema kwamba hayo yote yanaweza kufanyika kwa simu. Kabla hujakubali, angalia nani huja kila wiki na hana kipaji chochote. Mara nyingi ndiye anayejua soli za kila mtu.

Jumatano nitafika kwa wakati, mara ya kwanza mwaka huu. Mzee amesema ataleta karanga.