Wazazi wakiachana, watoto wanabaki na nani?

Mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kupeleka kobalti inje ya inchi, kisha mwezi wa kumi ikaweka kota. Kazi ikipunguka primu inapotea, na magomvi inaingia ku nyumba. Siye wa sendika tunaulizwa sana: ndoa ikivunjika, nani anabeba watoto?

Wengi wetu tunafikiri desturi inamaliza maneno. Kwa Baluba mtoto ni wa jamaa ya baba, kwa Babemba ni wa ukoo wa mama. Lakini sheria ya jamaa ya 1987, iliyogeuzwa 2016, inasema talaka inatolewa na tribunali, ile tunaita Tribunal de paix. Kusema "nilitoa mahari, watoto ni wangu" haitoshi mbele ya juji.

Ni juji ndiye anakata watoto wanapewa nani. Anakata kufuata faida ya watoto: anaweza kuwapa mzazi mmoja ao mwingine, ao hata nkambo. Mtoto naye ana haki ya kusikilizwa, kufuata umri na akili yake. Basi baba anayelala kambini ao anayefanya ekipi ya usiku ajitayarishe kujibu: nani atakuwa nyumbani na watoto saa ile?

Kukosa kukaa na watoto si kukosa uzazi. Yule mwingine anabaki na haki ya kuangalia malezi yao. Anabaki pia na lazima ya kuwalisha na kuwasomesha kadiri ya uwezo wake.

Hapa ndipo tunaanguka. Mtu akifukuzwa kazi, anakata posho ya watoto na kunyamaza. Posho ile ilipimwa kufuata mapato yake. Mapato yakishuka, arudi ku tribunali na karatasi ya kufukuzwa, aombe ipimwe upya. Akinyamaza, deni inapanda, na watoto wanafukuzwa ku masomo juu ya minervali.

Ndugu na bamama, mbele ya kwenda kwa juji, tayarisheni dosie: cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, fishi ya mshahara, karatasi za masomo. Ombeni pia iandikwe wazi ni nani atapokea alokasio ya watoto inayotoka ku kazi. Karatasi za kampani zikikataa kutoka, pitieni kwa delege wenu.