Shoka la Brian na Madaftari Yetu
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Miongoni mwetu wamo wanafunzi wanaoshika kwamba kusoma kitabu cha hadithi ni kupoteza wakati. Husema kwamba mtihani hauulizi habari za watu wa kubuniwa, na kwamba saa moja ya hadithi ni saa moja iliyoibwa katika hesabu au kemia. Wamo na wazazi wenye fikira hiyo hiyo, nami siwalaumu, maana wao ndio wanaotugharimia na ni haki yao kutaka kuona maksi. Nataka kuwajibu wote kwa adabu, nami nitatumia kitabu kimoja tu.

Kitabu chenyewe huitwa Hatchet, maana yake shoka dogo. Mtungaji wake ni Gary Paulsen, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1939 na kufariki mwaka 2021. Mwaka 1988 kitabu hiki kilipewa heshima ya Newbery, ambayo hutolewa kule Marekani kwa vitabu bora vya watoto na vijana. Wala Paulsen hakuwa mtu wa kubuni pori akiwa amekaa kitini. Mwaka 1983, na tena mwaka 1985, alishiriki katika mashindano ya Iditarod huko Alaska, ambamo watu huvutwa na mbwa juu ya theluji kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,500.

Hadithi inamhusu Brian Robeson, kijana wa miaka 13, ambaye wazazi wake wameachana. Anasafiri kwa eropleni ndogo kwenda kukaa na baba yake, anayefanya kazi katika visima vya mafuta kaskazini ya Kanada. Njiani rubani anashikwa na ugonjwa wa moyo, anafia pale pale kitini, na mtoto anabaki peke yake angani. Mafuta yanakwisha, eropleni inaanguka ziwani. Brian anatoka majini akiwa hai, lakini hana chakula, hana kiberiti, hana mwenziwe. Mshipini mwake mna kitu kimoja tu, nacho ni shoka dogo alilopewa na mama yake siku ile ya safari. Akakaa katika msitu ule siku 54.

Wengi wanaokisoma kitabu hiki husema kwamba shoka ndilo lililomwokoa, na hata jina la kitabu laelekea kuwaunga mkono. Mimi sikubaliani nao. Shoka lilikuwa mshipini mwake tangu siku ya kwanza, na usiku wa siku ya kwanza Brian alilala gizani, ana njaa, na mbu wanamla. Mlinganisheni na Robinson Crusoe, yule wa kitabu cha Daniel Defoe cha mwaka 1719. Crusoe aliweza kurudi merikebuni akachukua bunduki, baruti, vyakula na vyombo vya useremala. Brian hakupata bahati hiyo. Ilimpasa kutoa kichwani mwake yale ambayo Crusoe aliyatoa merikebuni.

Tazameni jinsi alivyopata moto. Usiku mmoja nungunungu aliingia katika pango alilokuwa akilala. Kwa hofu Brian akalirusha shoka gizani, likagonga ukuta wa jiwe, cheche zikaruka. Nungunungu akamwachia miiba mguuni, akaenda zake. Kijana akalia sana usiku ule, na alipomaliza kulia akagundua kwamba kilio hakikubadili neno lolote. Kwa maoni yangu somo hili peke yake latosha kukifanya kitabu kiwe na thamani.

Baadaye ndipo alipozikumbuka zile cheche. Akaanza kugonga jiwe kwa shoka. Akaweka majani makavu, yakakataa kushika moto. Akachana noti ya dola 20 iliyokuwa mfukoni mwake, nayo ikakataa. Mwisho akachuna maganda ya mti yaliyo mepesi kama karatasi, akayachambua mpaka yakawa kama nywele. Cheche zikashika, kisha zikazimika. Hapo akajiuliza swali ambalo kila mmoja wetu amekwisha kuulizwa darasani: moto wahitaji nini ili uwake? Akarudisha mawazo kwenye masomo yake ya sayansi, akakumbuka kwamba moto wataka kitu cha kuungua, na kadhalika wataka hewa. Akapuliza polepole, moto ukawaka.

Ndugu wasomaji, hapa yafaa tusimame kidogo. Brian alikuwa na elimu ya daftari, lakini hakupata kamwe kuishi na moto wa kuni. Wengi wetu tuko kinyume chake. Tumepuliza moto jikoni tangu utoto, mpaka macho yakatoka machozi kwa moshi. Walakini mwalimu akiuliza sababu ya moto kuwaka, mwanafunzi huandika neno "oksijeni" kama alivyolikariri, wala haimpitikii kwamba ndiyo hewa ile ile aliyoipuliza jikoni kwa mama yake. Tunazo elimu mbili, moja ya nyumbani na moja ya darasani, nazo hukaa kama majirani wasiosalimiana. Njaa ndiyo iliyomlazimisha Brian kuzitumia zote. Sisi tungoje njaa?

Mfano wa pili ni wa samaki. Brian alichonga mkuki, kisha akatengeneza upinde na mishale. Samaki aliwaona wazi kabisa, lakini kila alipolenga alikosa. Alikosa mpaka akakumbuka jambo alilofundishwa zamani, kwamba mwanga hupinda unapopita kati ya maji na hewa, na kwa hiyo samaki huonekana mahali asipokuwapo. Akatia ncha ya mshale majini kwanza, ndipo akalenga, akapata chakula chake. Mvuvi wa mkuki hahitaji kuingia darasani ili ajue kulenga chini ya pale macho yanapomwona samaki. Sisi tunaijua michoro ya mistari iliyopinda, tunaipigia rula na kuipaka rangi. Mchoro na mkuki husema jambo moja, ila aghalabu hatuambiwi hivyo, wala hatuulizi.

Tena kuna wale ndege wa msituni, mfano wa kwale, ambao Brian alipita karibu yao mara nyingi asiwaone mpaka waruke. Alikuwa akitafuta rangi na manyoya, na rangi yao ilikuwa sawa na ya majani makavu. Alipoanza kutafuta umbo la ndege badala ya rangi yake, akawaona kila mahali. Huo ndio uchunguzi wa kisayansi, na haukuhitaji maabara.

Najua mtu aweza kunijibu kwamba shoka lilipomponyoka na kuzama ziwani, Brian alipiga mbizi kulifuata kana kwamba anafuata roho yake. Ni kweli. Sisemi ya kwamba shoka halina kazi. Nasema shoka ni mtumishi, na mtumishi hufanya alitakalo bwana wake. Mwandishi mwenyewe ametuachia ushahidi karibu na mwisho. Tufani ilipopita, mkia wa eropleni ulitokea juu ya maji, na Brian akapata humo mfuko wa vitu vya dharura, wenye vyakula, kiberiti na bunduki. Vyakula vilimfurahisha. Lakini alipoishika bunduki alihisi kana kwamba imemtenga na msitu, maana mwenye bunduki hana haja tena ya kumjua ndege, tabia yake wala makao yake. Akaiweka kando. Sijapata kusoma mahali pengine ambapo jambo hili limeelezwa kwa uwazi namna hiyo: chombo kikubwa chaweza kumpunguzia mtu ujuzi wake.

Walakini kitabu hiki kina kasoro, nayo yafaa kusemwa. Kinatuonyesha msitu kama mahali patupu ambapo mtu hujifunza peke yake, bila mzee wala jirani. Lakini rubani aliyemwokoa Brian alikuwa mnunuzi wa ngozi za wanyama, naye alikuwa akitafuta kambi za wawindaji wa kabila la Cree. Wacree ni wenyeji wa asili wa Kanada, na mababu zao waliwinda na kuvua kaskazini ile kwa karne nyingi. Pale palipokuwa pori la mauti kwa Brian, kwao ni ghala la chakula. Brian alipungua asilimia 17 ya uzito wake kwa kujifunza mambo ambayo mtoto wa mwindaji angeambiwa na babu yake jioni moja. Kujifunza peke yako ni jambo la kusifiwa usipokuwa na mtu wa kumwuliza. Ukiwa naye usimwulize, huo ni ujinga.

Basi natoa shauri. Likizo ijayo kila mmoja wetu aende nyumbani na daftari moja tupu. Amwulize bibi au babu: ni kuni za mti gani zinazowaka zingali mbichi, ni majani gani yaliyoliwa mwaka wa njaa, ni dalili gani zinazotangulia mvua, na jinsi walivyopekecha moto kwa vijiti. Aandike kila kitu, lakini asionje asichokijua, maana Brian alikula matunda ya mwituni kwa pupa, akaugua usiku kucha. Kisha alete daftari lake shuleni, awaulize walimu wa biolojia, kemia na fizikia sababu za mambo hayo. Nawaomba walimu wetu wasituchoke tutakapowajia na maswali ya jikoni na ya shambani. Nanyi wazazi, msituambie kwamba mambo hayo ni ya zamani na kwamba tushike vitabu tu. Tunavishika vitabu, tunachoomba ni kwamba mtusaidie kuviunganisha na maisha.

Wale wasemao kwamba hadithi hazileti maksi nawaachia jambo moja la kujaribu. Mwulizeni mwanafunzi yeyote aliyesoma kitabu hiki kwa nini mvuvi wa mkuki hulenga chini ya samaki. Kisha mwulizeni aliyekariri kanuni yake peke yake. Sikilizeni majibu yote mawili, mkate shauri wenyewe.