Mraibu wa kijijini na sheria ya mjini



Juma hili tuzungumzie jambo ambalo familia nyingi hulifungia ndani pamoja na mgonjwa mwenyewe. Kata ya Kemambo, wilayani Tarime, imo katika eneo la Nyamongo, penye mgodi wa dhahabu wa North Mara, na si mbali na Mto Mara, ambao bonde lake limevuma kwa kilimo cha bangi. Mzazi wa huko ambaye kijana wake amezama katika ulevi huona njia mbili tu: kumpeleka polisi au kunyamaza. Wengi hunyamaza.

Hofu yao ina msingi. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyorekebishwa mwaka 2017, inamweka mlima bangi katika hatari ya kifungo cha miaka 30. Mamlaka iliyoundwa kwa sheria hiyo ina jukumu la kukamata, na pia la kuratibu tiba ya waraibu. Operesheni za kufyeka mashamba zimefika Tarime mara kwa mara. Tiba ilianzia mbali.

Ilianzia Muhimbili, Februari 2011, kwa methadoni, dawa ambayo mraibu wa heroini huinywa kila siku mbele ya mhudumu, bila malipo. Haja ilikuwa kubwa: tafiti za Dar es Salaam zilikuwa zimekuta takriban mtu mmoja kati ya watatu wanaojidunga ana virusi vya UKIMWI, ilhali kitaifa kiwango kilikuwa asilimia 5.1 katika utafiti wa 2011-12. Anayejificha polisi huazima sindano ya mwenzake, wala haendi kupima. Baadaye vituo vilifunguliwa Mwananyamala, Temeke, Zanzibar, Mbeya, Dodoma na Mwanza. Ni hatua ya kushukuriwa. Lakini mkazi wa Kemambo akiambiwa aende Mwanza, zaidi ya kilomita 200, dozi ya kila siku ataifuataje? Nyumba za upataji nafuu nazo, nyingi hutoza ada ambayo mkulima hana.

Isitoshe, methadoni haitibu bangi wala pombe. Tukubali kwamba vijijini gongo huumiza nyumba nyingi kuliko unga. Ipo sheria ya mwaka 1966 inayoiharamisha, na Machi 1, 2017 viroba navyo vilipigwa marufuku. Mwenye fedha bado ana chupa iliyokaguliwa na iliyolipiwa kodi. Fukara ana kinywaji kilichopikwa vichakani, ambacho hakuna aliyekipima, na kikiwa na methanoli humpofusha au kumuua. Akizidiwa, wenziwe husita kumpeleka zahanati, kwa kuwa swali la kwanza litakuwa: kanywa nini, na nani kampikia?

Hapa niseme na kina mama hasa, maana wao ndio wauguzaji. Msimfungie chumbani mtu aliyekunywa sana kwa miaka ili aache kwa lazima. Mwili uliozoea pombe ukikatishwa ghafla unaweza kutetemeka, kuweweseka, kupata degedege, hata kufa. Na hatari hiyo hiyo ipo mahabusu. Kuacha ni wajibu, lakini kwa mtu wa namna hiyo kuache chini ya uangalizi wa mganga. Kijana wa bangi anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayedhani kila mtu anamwinda, naye apelekwe hospitali ya wilaya, wala asipigwe wala kufungwa kamba. Mganga anatafuta maradhi, mwelezeni yote.

Na kina baba mnaohudhuria mikutano ya kijiji, ambapo taarifa za ulinzi na usalama husomwa kila mara, ulizeni pia: zahanati yetu ina mhudumu gani aliyefunzwa afya ya akili, na kama hayupo, diwani ameliombea lini katika halmashauri?